Mpaka wa Juu wa Kihenge cha Mughwai

Wanafunzi wa ufundi wa maji mwaka ule walikuwa mabingwa wa ubao. Mwandikie mmoja wao swali la integresheni kwa chaki, ataongeza moja kwenye kipeo, atagawanya, ataweka mipaka, atapiga mstari chini ya jibu mara mbili kama tajiri anayeweka sahihi yake, na jibu litakuwa sawa. Mtoe nje sasa. Muoneshe tenki lenye tumbo, umuulize linachukua maji kiasi gani. Atalitazama tenki, atakutazama wewe, kisha atatazama viatu vyake.

Jambo hilo lilimnyima raha Mwalimu Damari. Ndiye aliyekuwa mwalimu wa hesabu katika kile chuo kidogo cha ufundi pembeni mwa Singida Mjini, mwanamke mrefu, mkavu, sauti imekwaruzwa na chaki upande mmoja na upepo wa Singida upande wa pili.

"Hawa watoto wanahesabu kama kasuku anavyosali," alimwambia mkuu wa chuo. "Nataka niwapime kwa kitu kinachoshikika."

"Wenzako wote wanapima kwa karatasi, Mwalimu."

"Na mabomba ya wenzangu yote yanavuja."

Enzi zile kila kitu kilikuwa kimefunguliwa. Soko lilikuwa huria, maduka yalijaa sabuni za rangi rangi, mitumba ilitandazwa mpaka kwenye ngazi za ofisi, na malori ya watu binafsi yalitoka Shelui kuja kununua uwele na alizeti mlangoni kwa mkulima. Vyuo navyo vikaambiwa vijitazame vyenyewe. Darasa lisilofaulu lilikuwa darasa la kufungwa. Kwa hiyo mkuu wa chuo alikubali kwa shingo upande: jaribio la vitendo la Damari litakuwa na uzito sawasawa na mtihani wa karatasi, ila atakuja mkaguzi kutoka wizarani kulipitia. Mkaguzi akilikataa, alama zinafutwa na darasa zima linarudia mwaka. Na kila mtu pale chuoni alijua kwamba kwa wengi wao kurudia mwaka ni kwenda nyumbani moja kwa moja, kushika jembe, na habari ya ufundi iishie hapo.

Damari akaanza kutafuta kitu cha kupima. Tenki la chuo lilikuwa la pembe nne. Lile hata mtoto wa darasa la nne angelizidisha. Alitaka kitu chenye tumbo, chembamba chini, kinene katikati, kinachojirudi shingoni, ili mwanafunzi alazimike kukikatakata kimawazo kuwa vipande vyembamba kama chapati, akavijumlisha vyote. Integresheni ni hiyo tu, mengine ni mbwembwe. Na kitu cha namna hiyo, katika nchi ile ya wakulima, ni kihenge cha nafaka.

Kama kilikuwepo kihenge cha kufaa, basi ni kile cha marehemu Mzee Mughwai, kwenye njia ya kwenda Mgori. Kilisukwa kwa fito, kikakandikwa udongo na samadi, kikakaa juu ya mawe kando ya nyumba ya tembe, kirefu kupita mtu mrefu aliyenyoosha mkono, kichwani kimevaa kofia ya nyasi. Chini kilikuwa na kitundu kilichozibwa kwa gunzi. Ukichomoa gunzi, uwele unamiminika kwenye ungo, ukirudisha, unakatika.

Mwenyewe Mughwai, watu walisema, alikuwa na adabu ya kutisha. Mgeni akifika, hakumpokea mzigo kwanza. Alimpokea fimbo. Fimbo ikishaingia mkononi mwake ilipotelea ndani ya nyumba, na hukuiona tena mpaka umekula, umeshiba, na umetamka kwa mdomo wako kwamba umeshiba. Karani mmoja wa kodi aliyekuwa anaumwa tumbo alikaa pale wiki nzima.

Mzee alifariki, kihenge kikabaki. Mjane wake, Bibi Febronia, aliendelea kuchota. Alichota mwaka wa mvua, akachota mwaka wa jua kali watu walipokuwa wanapika mizizi, na hakuna jirani aliyewahi kusikia kihenge kile kimeisha. Hakuna pia aliyewahi kuuliza kina kiasi gani. Watu wa pale hawaulizi mambo kama hayo.

Damari alifika na darasa lake alasiri moja, vumbi limewapaka wote rangi moja.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mwanangu." Bibi Febronia alikuwa mdogo, mweusi tii, na ugoro haukumtoka vidoleni. "Wote hawa ni wako? Umezaa kama panya."

"Ni wanafunzi wangu, Bibi. Tumekuja kuomba tukipime kihenge chako."

"Kukipima? Kwani kinaumwa?"

Darasa likacheka. Damari akaeleza: kamba, mchoro, hesabu, alama. Bibi alisikiliza akivuta ugoro pua ya kushoto, kisha pua ya kulia.

"Pimeni," alisema hatimaye. "Zungushieni kamba, pandeni, chungulieni, andikeni hata mgongoni mwa mbuzi. Lakini namba ikishapatikana isitamkwe. Mwenyewe hapendi kusikia ana kiasi gani."

"Mwenyewe yupi, Bibi? Mzee si alishafariki?"

"Nimesema amehama?"

Damari alilichukua sharti lile kama mtu anavyoambiwa avue viatu mlangoni. Aliwageukia wanafunzi akasema wasitaje jibu, kila mtu aandike la kwake, tena itasaidia wasiibiane. Alijiona ameua ndege wawili kwa jiwe moja.

Kazi ikaenda vizuri kuliko alivyotazamia. Walizungusha kamba kwenye tumbo la kihenge, kila baada ya shubiri moja kwenda juu, wakapata mzingo, kutoka kwenye mzingo wakapata nusu kipenyo, wakachora. Ule mstari uliojipinda kwenye karatasi ulipoanza kufanana na tumbo lililosimama mbele yao, Damari aliona macho yao yakibadilika. Loyce, msichana wa Mkalama asiyeongea sana, alipanda ngazi, akafunua kofia ya nyasi, akashusha kijiti mpaka kikagusa uwele. Pale kijiti kilipogusa ndipo palipokuwa mpaka wao wa juu. Mpaka wa chini ulikuwa sakafu. Kilichobaki ni kuketi chini na kujumlisha.

Kulikuwa na kijana mmoja anaitwa Sixbert, mtoto wa reli kutoka Itigi, mdomo wake kama honi ya treni. Hakuwa mbaya, alikuwa hawezi tu kukaa na kitu tumboni. Alimaliza wa kwanza, akaruka juu.

"Nimepata!" akapiga kelele. Na akaitaja. Aliitaja namba nzima, na magunia yake.

Namba yenyewe haiandikwi hapa. Anayeitaka akapime cha kwake.

Upepo wa Singida haukomi. Mtu wa pale hata akisimama anauegemea. Siku ile ulikoma. Kuku aliyekuwa anachakura alibaki na mguu juu. Kisha ndani ya kihenge ikasikika nafaka ikimiminika taratibu, kama mtu anayehamisha kutoka chombo hiki kwenda kile, anasimama, anafikiri, anahamisha tena. Mtu anayehakikisha.

Bibi Febronia alikuwa amesimama mlangoni.

"Basi," alisema, "sasa anajua." Akaingia ndani, akafunga mlango, na hawakumwona tena siku ile.

Mambo yalianza kwenye kusahihisha. Damari aliwapa zoezi la kawaida: swali moja la pampu na kazi inayofanya, la pili la eneo chini ya mstari, la tatu la maji yanayopita kwenye bomba. Alipofika karatasi ya tatu akaweka kalamu chini. Majibu yote ya kila swali, kwa kila mwanafunzi, yalikuwa namba moja. Ile ile.

"Mmeibiana!" aliwafokea asubuhi. "Tena mmeibiana kijinga!"

"Mwalimu, hata sisi tumeshangaa," alisema Loyce.

Akawapa kila mtu swali lake. Mmoja alimkalisha ofisini, mmoja bombani, mmoja chini ya ukuta wa choo, na Sixbert alimweka mbele yake macho kwa macho. Hatua zilikuwa sahihi, mstari baada ya mstari, nadhifu kabisa. Ila kwenye mstari wa mwisho, pale mipaka inapowekwa na jibu linapotoka, namba ile iliingia kama mgeni asiyepiga hodi.

Damari akachukua chaki mwenyewe. Aliandika swali jepesi kuliko yote, lile analofundishia siku ya kwanza, ambalo jibu lake ni mbili na limekuwa mbili tangu dunia iumbwe. Aliongeza moja kwenye kipeo, akagawanya, akaweka mpaka wa juu, akaweka mpaka wa chini. Mkono wake ukaandika ile namba. Akafuta. Akaandika tena polepole, akiutazama mkono kama anautilia shaka. Ile ile.

Kitu kimoja tu aliona, nacho akakihifadhi kichwani. Maswali yasiyo na mipaka, yale yanayoishia na ile herufi C ya mwisho ambayo wanafunzi huisahau kila siku, yalitoka salama. Namba ilikuja pale tu mtu alipotaka kujua kiasi.

Baada ya hapo ikatoka darasani. Jumapili ilikaa kwenye ubao wa namba za nyimbo kanisani, na mzee wa kanisa aliapa hakuiweka yeye. Kitabu chenyewe hakina wimbo wa namba hiyo. Ilikuwa mlangoni mwa lori lililosimama sokoni. Fundi cherehani alimpima Damari kiuno, akatazama utepe wake, akautazama tena, akamwomba arudi siku nyingine. Na mchana, upepo ukipita kwenye madirisha ya darasa, ulipita na sauti ya uwele ukimiminika, na wanafunzi wote waliinua vichwa kwa pamoja.

Sixbert alikuja kumwona Damari ofisini, amekonda. Honi imezimika.

"Mwalimu, mimi hata vifungo vya shati nimeacha kuhesabu. Nafunga tu mpaka viishe."

"Kaa chini, Sixbert."

"Mkaguzi akija akakuta majibu yote sawa, atasemaje?"

"Atasema mmeibiana."

"Na tutamwambia nini?"

Barua ya mkaguzi ilikuwa imeshafika. Anakuja kabla mvua hazijaanza.

Walirudi njia ya Mgori, mwalimu na darasa zima nyuma yake, kimya kama watu wanaokwenda kuhani msiba. Bibi Febronia alikuwa anapepeta uwele. Ungo wake ulikuwa na kidogo sana.

"Nilijua mtarudi," alisema. "Kinashuka."

"Nini, Bibi?"

"Kihenge. Kilikuwa hakishuki, sasa kinashuka. Mmemwambia kiasi chake, na Mughwai ni mtu wa haki. Hatoi zaidi ya hicho. Mtaniua na njaa kwa hesabu zenu."

Damari akahisi ubaridi juani. Akamweleza habari ya namba. Bibi Febronia akacheka mpaka ugoro ukamwagika.

"Sasa unashangaa nini? Mlipoitaja mliitoa nje. Humu ndani hana tena nafasi nayo, huko kwenu haina kwao. Inabisha hodi kila nyumba."

"Tufanyeje, Bibi?"

"Mrudishieni kutokujua kwake."

Jambo lilikuwa rahisi kulisema. Kila mwanafunzi aende kwao, au kwa jamaa yake, alete nafaka ndani ya kitambaa. Asipime, asikadirie, asitazame. Mama yake amfungie akiwa amegeuka. Wakaenda. Wengine walikwenda mpaka Shelui kwa malori, wengine Itigi kwa treni, na walirudi na vifundo vyao kama watu waliobeba mayai. Mmoja mmoja alipanda ngazi macho amefumba, akamwaga, akashuka. Ndani ya kihenge hakukusikika kitu, kana kwamba nafaka ilikuwa inaangukia kwenye viganja.

"Bado wewe, Mdomo," Bibi Febronia akamwambia Sixbert. "Wewe uliyemtajia, ingiza mkono umsalimie."

Sixbert alimtazama Damari. Damari angeweza kusema hapana. Mwalimu ni mzazi. Aliitikia kwa kichwa. Kijana akapanda, akamwaga kifundo chake, akaingiza mkono mpaka bega, shavu limelalia ukingo wa kihenge.

"Shikamoo, Mzee," alisema, kwa sauti ambayo hawakujua kama anayo.

Kisha mwili wake ukashtuka, na mkono haukutoka. Haukuvutwa, ulikuwa umeshikwa tu, kwa namna mzee anavyoukamata mkono wako njiani na kukaa nao, anauliza habari, hana haraka. Sixbert aliitikia kwa kichwa mara kadhaa. Machozi yalimtoka lakini hakulia. Alipoachiwa alishuka ngazi, na mkono wake ulikuwa mweupe kwa unga kuanzia vidoleni mpaka kwapani, wakati mle ndani mlikuwa na punje nzima tu.

"Kakuuliza nini?" akauliza Loyce.

"Habari za nyumbani," alijibu Sixbert. Hakuna aliyemtoa neno zaidi ya hilo, si siku ile wala baadaye.

Walipofika chuoni Damari aliwarudishia karatasi zao za kihenge. Aliwaambia wafute namba, na pale kwenye mpaka wa juu, badala ya urefu alioupata Loyce kwa kijiti, waweke herufi. Hesabu yote ibaki, mchoro ubaki, jibu liishie na herufi. Kisha akasimama ubaoni, akaandika lile swali jepesi. Aliweka mpaka wa juu, akaweka mpaka wa chini.

Mbili.

Darasa lilipiga makofi kama wamefunga goli.

Mkaguzi aliitwa Bwana Calist. Alikuwa mfupi, suti ya Kaunda imenyooshwa mpaka inakata, na kwenye Land Rover yake hakukosekana stafu, ule mti mrefu wa wapima ardhi uliopakwa mapande mekundu na meupe na kuandikwa namba kutoka chini hadi juu. Alisema anaibeba kwa sababu hamwamini mtu. Alikagua mtihani wa karatasi: majibu tofauti, hesabu safi. Aliitikia kwa kichwa, ameridhika, jambo ambalo dereva wake alisema halijawahi kuonekana upande huu wa Dodoma. Kisha akafungua jaribio la vitendo.

"Kazi nzuri," alisema. "Mchoro mzuri. Jibu liko wapi?"

"Ni hilo, Mkaguzi."

"Hii ni herufi."

"Ndiyo."

Akafunua ya pili, ya tatu, akafunua zote. "Zote herufi. Mwalimu Damari, mimi sikutoka Dar es Salaam kuja kusahihisha alfabeti. Fundi akiulizwa tenki linachukua kiasi gani atajibu herufi? Mteja atakunywa herufi?"

"Hicho si tenki, Mkaguzi. Ni kihenge cha watu, na mpaka wake wa juu haujulikani."

"Haujulikani au hamkupima?"

Damari alizikusanya karatasi, akazipanga upya.

"Basi tusipoteze muda." Alifunika kalamu. "Nipe namba. Moja tu, naiandika hapa, naweka sahihi, watoto wanafaulu. Usiponipa nafuta jaribio lote, na darasa linarudia mwaka."

Dirishani kulikuwa na vichwa vimejipanga. Cha Loyce kilikuwa mbele. Namba ya zamani ilikuwepo. Damari aliihisi ulimini, ngumu, kama punje iliyobaki baada ya kula. Isingekuwa kweli tena, lakini mkaguzi asingejua. Angefungua mdomo tu. Upepo ulipungua kule nje, polepole, kama unategea sikio.

Akaimeza ile namba.

"Twende ukapime mwenyewe," alisema.

Bibi Febronia aliwapokea kana kwamba alikuwa anawangoja. "Karibu, baba. Utakula?"

"Shikamoo, mama. Nina haraka."

"Mzee atasikitika."

Bwana Calist hakuuliza mzee gani. Alipanda ngazi na stafu yake, akafunua kofia ya nyasi, akaishusha ndani. Stafu ile ilikuwa ndefu kupita kihenge karibu mara mbili. Ilishuka, ikashuka. Wanafunzi waliosimama chini waliona mekundu yakiingia, meupe yakiingia, mpaka ngumi ya mkaguzi ikafika kwenye ukingo.

"Humu hamna kitu!" alisema. "Hamna hata sakafu!"

Bibi Febronia akachomoa gunzi. Uwele ukamiminika kwenye ungo, mwingi, unang'aa. Akarudisha gunzi.

"Unasemaje, baba?"

Mkaguzi alitaka kujibu. Badala yake alitazama mkono wake. Stafu ilikuwa inakwenda. Hakuna aliyeinyakua, ilikuwa inachukuliwa kwa upole, kwa heshima, pengine kwa mikono miwili, kwa jinsi ilivyotulia. Akaiachia bila kujua kwamba ameiachia.

"Imechukuliwa," alisema.

"Imepokelewa," Bibi Febronia akamsahihisha.

"Ile ni mali ya serikali!"

"Utarudishiwa. Kula kwanza."

Mkaguzi akasema hatakula. Akashuka, akaenda akakaa kwenye Land Rover, akafunga mlango na kioo. Alikaa humo muda, jasho linamtoka. Kisha akatoka, akapanda ngazi tena, akainamisha kichwa kwenye giza la kihenge. Wote walisikia. Chini kabisa, mbali kuliko kihenge kilivyokwenda, mtu alikohoa kidogo, kikohozi cha mwenye nyumba anayekumbusha kwamba chakula kinapoa.

Bwana Calist aliketi kwenye kigoda. Akaletewa ugali wa uwele, mlenda, na kuku aliyekuwa anachakura pale asubuhi. Alikula kidogo, akanawa.

"Bado," alisema Bibi Febronia.

Akala tena. Damari alikaa kando yake, hakumwonea huruma wala hakumcheka. Alikuwa anaangalia tu juu ya kihenge. Mkaguzi alikula mpaka akafungua kifungo cha suti. Akanawa, akamtazama Bibi, akasema kwa sauti ndogo, kama mtoto aliyefundishwa:

"Nimeshiba. Asanteni."

Stafu ikachomoza mdomoni mwa kihenge. Ilipanda pole pole mpaka nusu, ikasimama, ikasubiri kupokelewa.

Bwana Calist aliomba karatasi za jaribio, akaziweka gotini, na kwa mwandiko uliopinda kama mstari wa kihenge akaandika kwenye ya juu: Nimepima mwenyewe. Alama zibaki zilivyo. Akaweka sahihi. Hakuuliza namba. Wanafunzi walitazamana, wakaogopa kushangilia, wakashikana mikono tu kwa nyuma.

Sixbert ndiye aliyepanda kuishusha stafu. Alianza kuifuta makapi kwa shati lake, akaacha.

"Mwalimu, njoo uone."

Mekundu yalikuwepo, na meupe yalikuwepo. Namba hazikuwepo. Upande wa mbele, upande wa nyuma, kutoka chini hadi juu, rangi ilikuwa laini kabisa, kana kwamba hakuna mtu aliyewahi kuandika kitu pale.

Mkaguzi aliitazama kwa mbali. "Ibaki chuoni," alisema, "kwa mafunzo." Akapanda gari, na Land Rover ikaondoka na vumbi lake lote.

Darasa lilitangulia barabarani, na walipofika mbali ndipo kelele za furaha zikalipuka, honi ya treni ya Itigi ikisikika juu ya zote. Damari alibaki nyuma kumsaidia Bibi Febronia kurudisha kofia ya nyasi. Alikuwa mwepesi moyoni kuliko alivyokuwa mwaka mzima. Darasa limepona. Alishuka ngazi, akapangusa mikono, akakipiga kihenge tumboni kwa kiganja, kirafiki, na swali likamtoka lenyewe, swali la mtu yeyote mwenye furaha:

"Kwa hiyo, Bibi, sasa hivi kina kama kiasi ga—"

Upepo ukakoma.

Bibi Febronia aligeuka, gunzi mkononi, akamtazama. Ndani ya kihenge kitu kilisogea kuja karibu na ukuta, upande ule ule ambao kiganja cha Damari kilikuwa bado kimelala, kikatulia hapo, kikisikiliza.

"Samahani, Mzee," alisema Damari.

Alisimama hivyo hivyo, hakuthubutu kuuondoa mkono, mpaka upepo ulipozitikisa tena nyasi za kofia.